Tiketi ya bei ya kutupa, nani anailipia?

Jumapili iliyopita dada yangu alinitembelea nyumbani akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Ndani ya bahasha ile mlikuwa na hati ya kiwanja chake cha Kigamboni, kile alichoachiwa na marehemu mumewe, pamoja na karatasi za chuo kimoja cha urubani kilicho nje ya nchi. Mwanawe, yaani mpwa wangu, amemaliza kidato cha sita, fizikia na hesabu kafaulu vizuri, na tangu utotoni hana wimbo mwingine ila ndege. Ada ya chuo hicho ni fedha ambazo sisi watu wa mshahara hatujapata kuziona kwa pamoja. Dada anataka kuuza kiwanja.

"Kaka," akaniambia, "wewe unasoma sana, tena unazungumza redioni. Niambie kama nakosea. Lakini nani amewahi kumwona rubani akilala njaa?"

Nilimwomba anipe siku chache. Mazungumzo ya wiki hii, ndugu msomaji, ndiyo jibu nililomwandalia dada. Nayaleta kwako pia kwa sababu swali lake si la familia yetu peke yetu. Ni swali la kila mtu aliyewahi kununua tiketi ya ndege ya bei ya kutupa, akafurahi, na asijiulize ile tofauti ya nauli imelipwa na nani.

Kabla sijaenda mbali niseme wazi kwamba nami ni mmoja wa walionufaika. Mama yetu mzazi anaishi Mwanza. Kwa miaka mingi kwenda kumwona kulikuwa na maana ya basi, vumbi, magoti kuvimba na siku nzima kupotea njiani. Ndege ilikuwa ya mawaziri, wafadhili na wenye maduka makubwa. Kisha Novemba 2012 shirika la Fastjet likaanza kuruka kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na Kilimanjaro, nauli zikianzia shilingi 32,000 kabla ya kodi na tozo. Watu waliokuwa hawajawahi kukanyaga ngazi ya ndege wakaanza kuikanyaga. Wamachinga walipanda, walimu walipanda, na bibi harusi alipanda na shangazi zake. Nami nilipanda. Kwa hiyo asije mtu akadhani nimesimama hapa kuwatukana walioleta nauli nafuu. La hasha. Nataka tu tufungue daftari la hesabu tulisome kurasa zote, badala ya kuishia kwenye ule ukurasa wa kwanza unaotupendeza.

Tuanzie Marekani, maana huko ndiko mchezo huu ulikoanzia.

Wengi tunadhani rubani alizaliwa na mshahara mnono. Sivyo. Mwaka 1931 marubani wa Marekani waliunda chama chao, wakiongozwa na rubani mmoja aitwaye David Behncke. Mwaka uliofuata tajiri mmoja, E. L. Cord, mwenye kampuni ya ndege ya Century, aliamua kuwakata marubani wake mishahara. Walipokataa, aliwafungia milango na kutafuta wengine. Zilikuwa nyakati za njaa kuu ya uchumi duniani, na marubani wasio na kazi walikuwa wamejaa mitaani. Chama kilipeleka kilio chake hadi bungeni. Mwaka 1934 ukatolewa uamuzi wa serikali uliopanga malipo ya rubani kwa saa na kwa maili, na kuweka ukomo wa saa 85 za kuruka kwa mwezi. Kumbe basi ule mshahara mnono haukushuka kutoka mbinguni kama mana. Ulidaiwa, ukapatikana, na ukaandikwa.

Mwaka 1938 serikali ya Marekani ikaunda bodi ya kusimamia usafiri wa anga. Bodi hiyo ndiyo iliyoamua shirika gani liruke wapi na kwa nauli gani. Kwa miaka 40 mambo yakaenda hivyo. Shirika likiongeza mishahara, lilikwenda kwenye bodi kuomba nauli iongezwe, na mara nyingi nauli iliongezwa. Kwa kuwa hayakuweza kushindana kwa bei, mashirika yalishindana kwa mapochopocho. Miaka ya mwanzo ya 1970 shirika la American liliweka hata piano ndani ya ndege zake kubwa aina ya Boeing 747, abiria wanywe na kuimba wakiwa angani. Rubani alikuwa bwana mkubwa, na abiria alikuwa mfalme. Lakini abiria mwenyewe alikuwa nani? Alikuwa mwenye nazo. Mlalahoi wa Marekani alipanda basi kama mlalahoi wa Manzese.

Hata hivyo, sheria ile ilikuwa na tundu. Bodi ilisimamia safari za kutoka jimbo moja hadi jingine tu. Shirika lililoruka ndani ya jimbo moja halikuwa chini yake. Katika jimbo la California lilikuwapo shirika liitwalo Pacific Southwest, lililoanza mwaka 1949, na nauli zake zilikuwa karibu nusu ya zile za safari zenye umbali unaokaribiana huko mashariki ya nchi. Watu wa Texas wakaliona, wakaiga. Tarehe 18 Juni 1971 shirika la Southwest likaanza kuruka baina ya Dallas, Houston na San Antonio. Miongoni mwa waanzilishi wake alikuwamo mwanasheria mmoja mcheshi na mvutaji sigara hodari, Herb Kelleher.

Hapa naomba msomaji asikilize kwa makini, kwa sababu ndipo penye kiini cha hadithi. Mwaka 1972 Southwest ilikuwa na ndege nne na madeni mengi. Ikalazimika kuuza ndege moja. Busara ya kawaida ingesema ipunguze safari na kufukuza watu. Badala yake wafanyakazi walikubaliana kufanya kazi ya ndege nne kwa ndege tatu. Wangewezaje? Kwa kuhakikisha ndege ikitua inaondoka tena baada ya dakika 10. Abiria washuke, uchafu uzolewe, mizigo ishushwe na kupakiwa, wengine wapande, iondoke. Marubani wenyewe hawakuona haya kusaidia palipohitajika. Kila mwenye daladala anajua siri hii: gari lililoegeshwa halizai. Ongeza hapo kwamba shirika lilitumia aina moja tu ya ndege, Boeing 737, hivyo rubani yeyote aliweza kurusha ndege yoyote na fundi yeyote aliweza kuitengeneza, na vipuri vilikuwa vya aina moja.

Unafuu wa namna hiyo haukutoka mfukoni mwa mfanyakazi. Ulitoka katika muda uliokuwa ukipotea bure. Ndiyo maana Southwest, ambayo wafanyakazi wake wengi ni wanachama wa vyama vya wafanyakazi, ilipata faida kila mwaka kuanzia 1973 hadi 2019. Tena katika miaka ya 2000, mashirika makubwa yalipokuwa yakifilisika moja baada ya jingine, marubani wa shirika hili la nauli nafuu walikuja kuwa miongoni mwa waliolipwa vizuri kuliko wote waliorusha Boeing 737 nchini humo. Mwaka 1995 walikubali mkataba wa miaka 10 ambao kwa miaka 5 ya kwanza haukuwa na nyongeza ya mshahara, nao wakapewa haki ya kununua hisa za shirika. Waliweka jembe chini pamoja na mwenye shamba, na mavuno yalipokuja waligawana.

Basi njia ya kwanza ya kushusha nauli ni hiyo. Lakini ipo njia ya pili, na hiyo ndiyo iliyopendwa na wengi, maana haihitaji akili nyingi.

Tarehe 24 Oktoba 1978 Rais Jimmy Carter alitia saini sheria ya kuondoa udhibiti wa usafiri wa anga. Kila mwenye ndege akawa huru kuruka anakotaka kwa nauli aitakayo. Mashirika mapya yakachipuka kama uyoga baada ya masika. Moja lilikuwa People Express, lililoanza Aprili 1981 kutoka Newark, karibu na New York. Nauli zake zilikuwa za kushangaza, lakini kahawa ulilipia senti 50 na begi ulilipia dola 3. Leo tukilipishwa begi tunalalamika kana kwamba ni uhuni uliobuniwa juzi. Kumbe una umri wa mtu mzima mwenye wajukuu.

Mashirika makubwa ya zamani, yenye mikataba ya enzi za bodi, yakajikuta yakishindana na vijana wasio na madeni wala wazee wa kulipwa pensheni. Yafanye nini? Septemba 1983 Frank Lorenzo, mkuu wa shirika la Continental, alipata jibu lake. Alikwenda mahakamani kuomba kinga ya mufilisi, wakati shirika bado lilikuwa na fedha za kuendeshea kazi. Kisha akatangaza kwamba mikataba yote na vyama vya wafanyakazi imekufa. Wafanyakazi 12,000 wakasimamishwa. Baada ya siku chache wakaitwa kama 4,000, kwa masharti mapya. Rubani aliyelala akiwa na mshahara wake aliamka na takriban nusu yake, tena kwa saa nyingi zaidi za kazi. Marubani wakagoma. Mgomo ukaburuzwa hadi mwaka 1985, na wengi hawakurudi tena kazini. Bunge lilibadilisha sheria mwaka 1984 ili tajiri asiweze tena kuichana mikataba peke yake bila kwanza kupita mbele ya hakimu, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Mwaka huohuo wa 1983 shirika la American likabuni hila ya upole zaidi. Halikumkata mshahara mtu aliyekwisha kuajiriwa. Lilisema tu kwamba kila atakayeajiriwa kuanzia sasa atalipwa kwa daraja jingine, la chini sana. Wazee wakapiga kura ya ndiyo, kwa kuwa wao hawakuguswa. Hebu fikiri, ndugu msomaji: katika chumba kile kidogo cha mbele ya ndege wanakaa watu wawili wanaotazama saa zilezile na kubeba roho zilezile, mmoja analipwa kwa daraja la juu na mwenzake kwa daraja la chini, si kwa sababu ya uwezo, bali kwa sababu ya tarehe ya kuajiriwa. Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Hapa mkono mmoja ulikubali mwenzake ufungwe kamba.

Na wale waliochipuka kama uyoga? Wengi walinyauka kama uyoga. People Express ilimezwa na kampuni ya Lorenzo huyohuyo mwaka 1987. Huko Uingereza, Freddie Laker, aliyeanza kuwavusha watu kutoka London kwenda New York Septemba 1977 kwa pauni 59, alifilisika Februari 1982. Eastern ikafa mwaka 1991, na Pan Am, ambayo jina lake lilijulikana hata vijijini, ikaifuata mwaka huohuo.

Moto ukavuka bahari. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Michael O'Leary wa shirika la Ryanair la Ireland alisafiri kwenda Marekani kuisoma Southwest. Alirudi na somo la aina moja ya ndege na la kugeuza ndege haraka, lakini lile somo la kukaa meza moja na vyama vya wafanyakazi nadhani lilisahaulika njiani. Jumuiya ya Ulaya ilikuwa ikifungua anga lake kwa hatua, kuanzia 1993 na kukamilisha 1997. Novemba 1995 easyJet nayo ikaanza kutoka Luton kwenda Glasgow. Nauli zikaporomoka. Kijana wa Dublin akaweza kwenda London kwa bei ya mlo wa jioni.

Tujiulize sasa, rubani wa huko aliishije? Hapa nimkumbushe msomaji maisha ya daladala. Dereva ana tajiri wake, na kila jioni lazima apeleke hesabu. Anapochoka au kuugua, usukani anaushika deiwaka. Deiwaka hana mkataba, hana likizo na hana mafao. Siku asiyoendesha ni siku asiyokula. Huko Ulaya marubani wengi vijana wamegeuzwa deiwaka wa angani. Hawaajiriwi na shirika ambalo jina lake limeandikwa ubavuni mwa ndege. Wanaajiriwa na wakala, au wanaambiwa wafungue kampuni zao ndogo, nayo kampuni hiyo ndiyo inayoingia mkataba. Hulipwa kwa saa wanazoruka. Wengi walijilipia wenyewe chuo, na baada ya chuo wakajilipia tena maelfu ya yuro kwa mafunzo ya aina ya ndege watakayorusha. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Ghent cha Ubelgiji, uliotolewa mwaka 2015, ulionyesha kwamba zaidi ya rubani 1 katika kila 6 wa Ulaya alikuwa na ajira ya namna hii isiyo ya kawaida.

Mtasema, hayo yanamhusu rubani. Abiria yanamhusu nini? Yanamhusu. Septemba 2017 Ryanair ilijikuta haina marubani wa kutosha kwa sababu ratiba za likizo zilivurugika. Wakati huo marubani walikuwa wakitafutwa kila mahali, na waliokuwa na kinyongo hawakuwa na sababu ya kuliokoa shirika. Safari zikafutwa kwa maelfu, na abiria zaidi ya 700,000 wakaguswa. Desemba mwaka huohuo shirika ambalo kwa zaidi ya miaka 30 halikutaka kusikia neno chama likatangaza kwamba litavitambua vyama vya marubani. Mwenye shibe alimjua mwenye njaa siku ile jiko lilipozimika.

Lakini funzo kubwa lilitoka Marekani, mwaka 2009, katika muda usiozidi mwezi mmoja.

Tarehe 15 Januari 2009 ndege ya US Airways iligongana na kundi la ndege wa porini muda mfupi baada ya kuruka kutoka New York. Injini zote mbili zikazimika. Kapteni Chesley Sullenberger akaitua juu ya mto Hudson, na watu wote 155 wakatoka hai. Dunia ilimshangilia. Mwezi uliofuata aliitwa bungeni. Badala ya kusimulia ushujaa wake tu, aliwaambia wabunge kwamba mshahara wake ulikuwa umekatwa kwa asilimia 40, na pensheni yake ilifutwa na badala yake akapewa kitu kidogo sana. Hayo yalitokea baada ya Septemba 2001, pale mashirika makubwa yaliyobanwa na hasara na ushindani wa nauli nafuu yalipokwenda mahakamani moja baada ya jingine, kama alivyofanya Lorenzo.

Kabla hata hajaketi kwenye kiti kile cha bungeni, tarehe 12 Februari 2009, ndege nyingine ilikuwa imeanguka karibu na Buffalo. Watu wote 49 waliokuwamo walikufa, na mmoja aliyekuwa nyumbani kwake. Tiketi za abiria wale zilikuwa na jina la Continental. Ndege ilirushwa na kampuni ndogo iitwayo Colgan. Ndivyo mashirika makubwa yalivyokuwa yamejifunza kushusha gharama: safari fupifupi waliwapa wakandarasi wenye marubani wa bei rahisi, hata ikafika mahali karibu nusu ya safari za ndani ya Marekani zikawa zinarushwa na makampuni hayo.

Uchunguzi wa serikali ulisema chanzo ni rubani mkuu kufanya kinyume cha kilichotakiwa pale ndege ilipotoa onyo kwamba inapoteza mwendo. Tuuheshimu uamuzi huo. Hakuna aliyesema mshahara mdogo uliangusha ndege. Lakini uchunguzi huohuo ulieleza kwamba huenda uchovu uliathiri kazi ya marubani wale. Rubani msaidizi, binti wa miaka 24, aliishi kwa wazazi wake karibu na Seattle, upande wa pili wa nchi. Alikuwa amesafiri usiku kucha akiomba lifti katika ndege za mizigo ili afike kazini Newark. Kuhusu malipo yake, vilitajwa viwango vya kati ya dola 16,000 na 24,000 kwa mwaka. Kwa fedha hizo hakuweza kupanga chumba karibu na kituo chake cha kazi. Rubani mkuu naye alilala usiku ule katika chumba cha kupumzikia marubani pale uwanjani.

Baada ya ajali ile sheria zilibadilishwa. Mwaka 2010 bunge la Marekani lilipitisha sheria iliyofanya hata rubani msaidizi wa ndege za abiria atakiwe kuwa na saa 1,500 za kuruka, na kanuni mpya za mapumziko zikaanza kutumika mwaka 2014. Familia za waliokufa ndizo zilizokesha kwenye korido za bunge mpaka hilo likapatikana.

Hapa lazima nitende haki. Yako mashirika ya nauli nafuu yenye rekodi nzuri kabisa ya usalama. Ryanair, pamoja na yote niliyosema, haijawahi kuua abiria kwa ajali ya kuanguka. Southwest ilipata kifo cha kwanza cha abiria kutokana na ajali mwaka 2018, baada ya miaka 47 ya kuruka. Kwa hiyo anayesema nauli nafuu ni tiketi ya kaburini anasema uongo. Usalama una polisi wake, nao ni msimamizi wa serikali asiyekula rushwa wala kuogopa tajiri. Pale msimamizi anaposimama imara, shirika halithubutu kubana matumizi kwenye boliti za injini. Litabana kwingine, kwenye kiti kisicholala, kwenye maji ya kunywa, kwenye begi, kwenye simu ya malalamiko isiyopokelewa, na kwenye usingizi wa wafanyakazi.

Nami nimeonja. Miaka michache iliyopita, shirika moja ambalo sitalitaja lilinilipisha begi uwanjani kwa bei iliyokaribia nauli yenyewe. Safari ikaahirishwa mara mbili, na binti wa kaunta hakuwa na la kutuambia. Mzee mmoja akamfokea mpaka binti akalia. Nilimtazama, nikajua kwamba yeye hakuipanga nauli wala hakuichelewesha ndege. Alikuwa amewekwa pale kama boya, apigwe na mawimbi badala ya wakubwa wake.

Ubanaji hauchagui nani mwema. Hata Southwest ile niliyoisifu ilichelewa mno kununua mitambo mipya ya kupanga ratiba za marubani na wahudumu, ingawa chama cha marubani kilikuwa kimeonya. Desemba 2022 dhoruba ya theluji ilipopiga, mitambo ikashindwa kujua nani yuko wapi, na safari zaidi ya 16,000 zikafutwa wakati wa Krismasi. Na mwaka 2025 shirika hilo, lililojivunia kwa miongo mingi kutolipisha mabegi, likaanza kuyalipisha.

Gurudumu nalo huzunguka. Mwaka 2020 korona ilipofunga anga, mashirika ya Marekani yaliwalipa maelfu ya marubani wazee wastaafu mapema. Abiria waliporudi, marubani hawakuwapo. Ghafla mishahara ikapanda. Baadhi ya yale makampuni madogo yakapandisha malipo ya wanaoanza kazi kwa kiasi kikubwa mno mwaka 2022, na Machi 2023 marubani wa Delta walipata mkataba wa nyongeza ya asilimia 34 kwa miaka minne. Anayeingia chuo leo kwa kutazama mishahara ya leo akumbuke kwamba atamaliza kesho.

Turudi nyumbani. Enzi za Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililodumu kuanzia 1946 hadi 1977, na chuo cha urubani cha Soroti kilichofunguliwa Uganda mwaka 1971, mtoto wa mkulima aliweza kuwa rubani bila baba yake kuuza shamba, maana serikali ndizo zilizosomesha. Leo gharama imehamia kwenye bahasha ya kaki ya dada yangu. Fastjet yenyewe, iliyotupandisha ndege wengi, ilisimama hapa Tanzania mwishoni mwa mwaka 2018 baada ya hasara na madeni. Nauli iliyokuwa tamu kwetu haikutosha kulipia ndege, mafuta na watu. Kenya wanayo Jambojet, iliyozaliwa na Kenya Airways mwaka 2014, na inaendelea kuruka. Na marubani wetu waliokomaa, wengi macho yao yako Ghuba, ambako mishahara inawaita.

Jumatano dada alirudi, safari hii na kijana mwenyewe. Niliwaeleza yote haya. Nilimwambia kijana kwamba kazi hii ni nzuri, lakini mshahara wake haukai kwenye mabega yenye mistari ya dhahabu. Unakaa kwenye mkataba. Aulize nani atamwajiri, shirika au wakala. Aulize nani atalipia mafunzo ya aina ya ndege. Aulize akiugua atakula nini. Na siku atakapoambiwa apige kura ili wadogo zake walipwe kidogo yeye abaki na chake, akumbuke kisa cha mwaka 1983.

Dada nilimwambia asiuze kiwanja chote kabla hawajabisha hodi kwa kila anayetoa ufadhili na kwa kila shirika linalosomesha kwa mkataba wa kulitumikia. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akairudisha hati kwenye bahasha, akasema atafikiri. Hajaamua hadi ninapoandika haya.

Walipokuwa mlangoni, kijana akageuka. "Mjomba," akauliza, "mwezi ujao unakwenda Mwanza kumwona bibi. Utapanda ndege gani?"

Nilitaka kumpa jibu la redioni. Lakini ukweli ni kwamba nilikuwa nimekwisha kukata tiketi, na nilikuwa nimechagua ile ya bei rahisi kuliko zote, bila kuuliza swali hata moja kati ya yale niliyomfundisha yeye kuyauliza. Nilimwambia hivyo. Akacheka, akamshika mama yake mkono, wakaondoka.